Punje ya Komamanga

Mwezi wa Agosti, wakati vumbi la Mpanda limekwisha kutua juu ya mabati na juu ya majani ya miembe hata rangi ya kijani ikawa ni jambo la kukumbuka tu, nilikuwa nimeketi uani kwa jirani miongoni mwa watu waliokuwa wakipukuchua mahindi, na mjukuu wa nyumba ile, binti aliyeshuka na treni ya Tabora kuja likizo kutoka chuoni, akatusimulia kisa alichokuwa akikisoma katika simu yake usiku kucha: kisa cha Hades, mfalme wa kuzimu, na Persephone, binti wa mungu wa nafaka, jinsi walivyokutana, wakaogopana, wakatamaniana, na hatimaye wakapendana kwa mahaba ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, yalimliza. Bibi yake, Mpimbwe wa umri mkubwa ambaye mikono yake haikusita juu ya gunzi hata mara moja, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na mama yake je, mjukuu wangu? Mama yake alikuwa wapi muda wote huo?” Binti akajibu kwamba mama yupo, ila yeye ndiye mkorofi wa hadithi. Bibi akanyamaza. Mimi nilirudi nyumbani na swali lile, nikalifungulia vitabu.

Kisa hiki katika asili yake ni utenzi wa Kiyunani wa mistari takriban 495, uliotungwa katika karne ya 7 au ya 6 kabla ya kuzaliwa Kristo kwa kumsifu Demeter, mungu wa kike wa nafaka, na nakala iliyotuhifadhia utenzi huo ilipatikana Moscow mwaka 1777, nayo sasa imo katika maktaba ya Leiden nchini Uholanzi. Humo twaambiwa kwamba Persephone alikuwa akichuma maua kondeni pamoja na wenziwe, akaliona ua la nargisi lenye vichwa mia, ambalo ardhi ilikuwa imelichipusha makusudi ili liwe chambo, na alipoinyoosha mikono yake alichume, ardhi ikapasuka, Hades akatoka na gari lake la farasi, akamchukua huku analia. Zeus, baba wa binti, alikuwa amekwisha kutoa idhini. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo msomaji wa Kiingereza hana, kwa sababu lugha yake haimruhusu kuufunika undugu: Hades ni kaka yake Zeus na pia ni kaka yake Demeter, kwa hiyo kwa Persephone yeye ni baba mkubwa kwa upande mmoja na ni mjomba kwa upande wa pili, na Kiingereza kina tamko moja tu la kuwabeba wote wawili, tamko jepesi ambalo mwandishi wa mahaba anaweza kulipita bila kujikwaa. Walii ameridhia, mama hakuarifiwa, binti hakuulizwa. Hiyo ndiyo posa ilivyokuwa.

Fundi wa hadithi huanza kazi yake kwa kuamua ni jicho la nani litakalotazama. Mtunzi wa kale alilitoa jicho hilo kwa mama. Utekwaji wenyewe umekwisha ndani ya mistari isiyofika 40, na tangu hapo tunamfuata Demeter: siku tisa anazunguka dunia na mienge mikononi, hali chakula, haogi; anamkuta Hecate, ambaye alisikia kilio bali hakuona, kisha analiendea jua lenyewe, ambalo huona kila kitu, nalo linamwambia ukweli. Anajigeuza kizee na kuketi kando ya kisima huko Eleusis, mabinti wa mfalme wanakuja kuteka maji na kumwamkia kwa adabu, wanamchukua nyumbani awe yaya wa ndugu yao mchanga, naye kila usiku anamtia mtoto yule motoni ili aunguze mauti yaliyo ndani yake, mpaka mama wa mtoto anapochungulia na kupiga ukelele. Baada ya hapo yanakuja yale ambayo ni kiini cha kisa chote: Demeter anajifungia katika hekalu lake na kuizuia ardhi isitoe kitu. Ng'ombe wanavuta majembe bure, shayiri inatupwa katika mifuo isiote, na wanadamu wanaelekea kwisha, na wakiisha wao hakuna tena wa kuwatolea miungu sadaka. Zeus anasalimu amri kwa sababu hiyo. Hakuguswa na machozi ya mama wala na kilio cha binti. Alishindwa na njaa.

Muda wote huo Persephone yu chini, na mtunzi hatuambii alilala wapi, aliogopa nini, wala alisema nini na yule aliyemchukua. Tunamwona tu pale Hermes, tarishi wa miungu, anapofika na kumkuta ameketi kando ya mumewe, kwa shingo upande, akimtamani mama yake. Kimya hicho cha katikati ni kama chumba kitupu katika nyumba kubwa, chenye mlango, dari na sakafu, bila samani. Na takriban kila mwandishi wa zama zetu aliyekigeuza kisa hiki kuwa cha mapenzi ameingia kwa mlango ule ule na kuanza kupanga vitanda na taa.

Si haki kudhani kwamba wa kwanza kufanya hivyo ni vijana wa intaneti. Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeandika mwanzoni mwa karne ya kwanza, alikwisha kumwingiza mungu wa mapenzi katika kisa: ni Venus aliyemwamuru mwanawe Cupid amchome mfalme wa kuzimu mshale moyoni, ili hata ufalme wa wafu usiwe nje ya mamlaka ya huba. Kwa pigo hilo moja sababu ya utekwaji ilihama. Katika utenzi wa kale mambo yalikuwa makubaliano ya ndugu wawili, kwa Ovid yakawa ni ugonjwa wa mtu mmoja aliyeshikwa na ashiki. Lakini tuangalie kwa makini: mshale ulimpata Hades peke yake. Binti hakuchomwa. Zimepita karibu miaka elfu mbili ndipo mshale wa pili ukatupwa.

Mfano mkubwa wa mshale huo wa pili ni ile hadithi ya michoro aliyokuwa akiisoma binti wa jirani yangu, Lore Olympus, kazi ya Rachel Smythe wa New Zealand, iliyoanza kutolewa mwaka 2018 sehemu kwa sehemu kwa wasomaji wa simu na kukamilika mwaka 2024. Hades amepakwa rangi ya buluu, Persephone ya waridi, na kuzimu ni mji wa majumba marefu na magari ya fahari. Smythe alikabiliwa na tatizo la kifundi ambalo ni zito: vipi utamfanya msomaji wa leo, anayedai ridhaa ya mwanamke kama sharti la kwanza la mapenzi, na anayedai kwa haki, ampende mwanamume ambaye sifa yake ya kwanza katika hadithi ni kwamba aliteka? Jawabu lake lilikuwa ni kuligawa tendo. Utekwaji aliufanya ajali: Hades karamuni anausifu uzuri wa Persephone kuliko ule wa Aphrodite, Aphrodite anaingiwa na wivu, anamtuma mwanawe amleweshe binti na kumlaza katika gari la Hades, naye Hades anafika nalo nyumbani bila kujua amebeba nini. Ama ule udhalimu wenyewe, uvunjaji wa heshima ya mwili, hakuufuta; aliutwika mtu mwingine, Apollo, na akauonyesha kwa uzito na uchungu, pamoja na aibu na kimya kinachomwandama aliyetendewa. Kwa hiyo dhambi imebaki ndani ya hadithi ila imebadilishiwa mwenyewe, na mfalme wa kuzimu amepata kuwa kimbilio la binti aliyeumizwa na mungu wa mwanga. Nimelipima jambo hili mara nyingi, na kila mara naiona kuwa ni kazi ya fundi mwenye mkono.

Scarlett St. Clair wa Marekani, katika A Touch of Darkness cha mwaka 2019, alipita njia nyingine. Yeye alileta mkataba: Persephone, mwanafunzi wa uandishi wa habari katika mji uitwao New Athens, anacheza karata na Hades bila kujua uzito wa mchezo, anafungwa na sharti la kuotesha uhai katika ardhi ya kuzimu, na akishindwa atakuwa wake milele. Mkataba ni chombo kizuri cha hadithi ya mapenzi, maana humlazimisha mtu kurudi mlangoni kwa mwenzake siku baada ya siku huku akijitetea kwamba hakuja kwa hiari, na mapenzi hukua katika ile nafasi iliyopo baina ya lazima na hiari. Lakini msomaji na atazame mama amefanywa nini. Demeter wa St. Clair alimlea mwanawe katika nyumba ya vioo, kama mche wa bustani. Yule ambaye katika kisa cha kale alikuwa mtafutaji, leo amekuwa mlinzi wa gereza, na kuzimu, penye giza, pamekuwa ndipo penye uhuru.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la bibi. Demeter hakuharibiwa kwa chuki. Aliharibiwa kwa hesabu. Njaa ikiwa ndiyo nguzo ya kisa, huzuni ya mama ina uwezo, inapindua ulimwengu, na mfalme wa miungu mwenyewe huitii. Njaa ikiondolewa, au ikicheleweshwa mpaka iwe kikwazo tu katika njia ya wapenzi, huzuni ile ile hugeuka kuwa ubishi wa mama asiyetaka mwanawe akue. Mwandishi hakumtukana mama popote. Ameyaondoa mashamba tu, na mama akaanguka mwenyewe.

Punje ya komamanga yastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake mna ufa ambao waandishi wote wameupenyeza ukucha. Mtunzi wa kale anasema kwamba Hades, alipokwisha kumruhusu mkewe aondoke, alimlisha punje ya komamanga kwa siri, akichungulia huku na huku, ili asikae juu na mama yake siku zote. Hayo ni maneno ya msimulizi. Mistari michache baadaye, Persephone mwenyewe akimsimulia mama yake, anasema kwamba alishurutishwa kwa nguvu kuila. Kauli ya kwanza ni hila, ya pili ni shuruti, na mtunzi hakuzipatanisha. Je, binti anaongeza chumvi kwa sababu anamwogopa mama? Au msimulizi ndiye aliyepunguza? Mwandishi wa mahaba anauona ufa huo, anausukuma kidogo, na kutoka humo anachomoa kauli ya tatu ambayo haikuwapo kamwe: kwamba alikula kwa kupenda. Ni mwendo wa kijasiri, na una msingi kuliko watu wadhanivyo, kwa kuwa penye ushahidi wa aina mbili hakimu hupata nafasi ya kuuliza la tatu. Gharama yake ni kwamba punje ile, ambayo ilikuwa hati ya mgawanyo wa mwaka, theluthi moja kuzimu na theluthi mbili kwa mama, huwa kitoweo cha meza ya wapenzi wawili na haimhusu mkulima tena.

Na sisi wa Pwani na bara tunazo hadithi za kupimia. Wayunani si wageni katika Kiswahili, S. S. Mushi alikwisha kututafsiria tamthilia ya Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode mwaka 1971. Lakini kipimo changu kwa mada hii ni Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo hafi kwa silaha yoyote ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe, aliyehadaiwa na sultani wa Pate kwa ahadi ya cheo na ya kuozwa binti wa sultani. Mwandishi wa leo angeweza kuichukua ahadi hiyo ya ndoa, ambayo katika utenzi imepita kama upepo, na kuifanya riwaya nzima: kijana anampenda binti wa sultani, na bei ya mahari ni uhai wa baba. Ningependa kuisoma riwaya hiyo. Ila ningemwomba mwandishi asimsahau mama yake Liyongo, aliyemfichia mwanawe tupa ndani ya mkate wa makapi na kumpelekea gerezani kwa mkono wa kijakazi Saada, na ambaye, mwanawe alipokufa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai, aliendewa na mji mzima ili akambembeleze aondoke. Demeter alikaa kisimani Eleusis. Mama wa Liyongo aliitwa kisimani kwa mwanawe. Tungo mbili zisizojuana, na zote mbili zimemweka mama mwenye msiba mahali ambapo mji hauwezi kuishi bila kupita.

Nimesema mashamba yameondolewa, na mtu wa mkoa wetu wa Katavi ana haki ya kulisema hilo kwa sauti kuliko mtu wa London. Huko Ulaya kaskazini kisa hiki kimezoeleka kusomwa kwa theluji: Persephone akiwa kuzimu ni majira ya baridi, akirudi ni maua. Lakini Uyunani ni nchi ya kiangazi kikali, shayiri hupandwa vuli mvua zikianza na huvunwa kabla ya jua kuchoma, na wako wanazuoni wa karne ya 20, mathalani Martin Nilsson wa Sweden, waliosema kwamba miezi ya kutoweka kwa binti ni miezi ya ukavu, wakati mbegu imefichwa chini ya ardhi katika mashimo na mitungi ikingoja mvua. Utenzi wenyewe unataja maua ya majira ya kuchipua siku ya kurudi kwake, kwa hiyo sisemi kwamba Nilsson amefunga mjadala. Nasema kwamba maelezo yake, yakisomwa hapa, hayahitaji mkalimani. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kutoka Novemba hadi Aprili, kisha nchi hufungwa. Ziwa Katavi na Ziwa Chada hukauka yakawa mbuga za nyasi, mto Katuma hupungua hata viboko kwa mamia hubanana katika dimbwi moja la tope, migongo juu ya migongo, na mamba, wale wenye maji yao, huingia katika mapango ya kingo za mto karibu na Ikuu, wakalala humo ardhini mmoja juu ya mwingine mpaka mvua iwaite. Mwenye kuiona Katuma mwezi wa Oktoba hawezi kudhani kwamba kuzimu ni mji wa taa.

Hifadhi ya Katavi, ambamo mna maziwa hayo, iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 1974 na ambayo sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, imechukua jina lake, na mkoa wetu uliozaliwa mwaka 2012 ukalichukua kutoka kwake, kwa Katabi, mzimu wa mwindaji mashuhuri katika masimulizi ya Wabende, ambaye husemwa anakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Na hadi leo wako watu, Wapimbwe miongoni mwao, wanaoweka sadaka shinani mwa mti ule kuomba baraka. Sina shaka kwamba siku moja kijana wa Mpanda ataandika riwaya ya mahaba juu ya Katabi, na sina nia ya kumzuia, maana hekaya isiyoandikwa upya huishia katika vipeperushi vya watalii. Madeline Miller alionyesha katika The Song of Achilles ya mwaka 2011, iliyopata tuzo ya Orange mwaka uliofuata, kwamba mpenzi akipewa ulimi wa kusimulia, shujaa wa vita aliyezeeka kwa miaka elfu tatu anaweza kupumua tena; na katika Circe ya mwaka 2018 alimchukua mchawi aliyekuwa kituo kimoja tu cha safari ya mtu mwingine, akampa maisha yake yote. Mbinu hizo zinatufaa. Lakini kijana huyo akiandika, mkwaju na uwe mkwaju, wenye ziwa linalokauka mbele yake na wanyama wanaokufa kwa kiu. Mwindaji na apende mahali ambapo mapenzi yake yakiharibika mvua nayo huchelewa, na msomaji ajue kwamba huchelewa kwa watu wote, si kwa wapenzi wawili. Na ikiwa atampa Katabi mchumba, basi ampe mchumba huyo mama, na ampe mama huyo kitu cha kuzuia.

Niliporudi uani kwa jirani siku ya tatu, mahindi yalikuwa yamebaki magunia mawili, na nikamsimulia bibi mwisho wa utenzi wa kale, kwa kuwa ulikuwa ni mwisho wake kuliko wangu. Demeter analiona gari likija, anatoka hekaluni mbio kama mtu aliyeshikwa na wazimu, binti anaruka chini na kumwangukia shingoni, na wangali wamekumbatiana mama anahisi jambo moyoni, anamwuliza mwanawe kama kuna chakula chochote alichokionja huko chini. Kila mama wa Mpanda humwuliza hivyo mtoto aliyeshuka na treni, kabla ya habari za masomo na kabla ya habari za njiani, naye huuliza huku anatafuta sufuria kwa macho. Demeter ndiye mama aliyeuliza akiomba asikie kwamba mwanawe amerudi na njaa.

Bibi aliweka gunzi chini. “Alikula?”

“Punje moja, Bibi,” akasema mjukuu wake.